Mali Ikiwa ya Dola, Dola ni ya Nani?

(Hotuba kwa mduara wa kusoma wa wafanyakazi na wastaafu, Ubungo, Dar es Salaam. Nimeiandika kutoka kwenye kinasa sauti, nimepunguza marudio, na mwishoni nimeweka maswali mawili kati ya yaliyoulizwa.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliotutangulia viwandani, shikamooni. Akina mama, na vijana mliotoka kazini moja kwa moja bila hata kupitia nyumbani, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuniita.

Mmenipa mada nzito kwa saa ya njaa kama hii: wajibu wa dola wakati jamii inapotoka kwenye ubepari kwenda kwenye ujamaa. Katibu wenu aliponipigia simu nilimuuliza kama ana hakika, maana siku hizi mada za namna hii hutolewa kabatini mara moja kwa mwaka, Oktoba, tukimkumbuka Mwalimu Nyerere, kisha zinarudishwa. Akanijibu, "Wewe njoo tu, wazee watakuwepo." Basi nimekuja.

Nianze na sheria. Fungueni Katiba ya mwaka 1977, hii hii tunayoitumia leo. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa, isiyokuwa na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi vya siasa. Ya kijamaa! Ibara ya 9 inaongeza kwamba taifa hili lijengwe kwa kufuata siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Mabenki tumeuza, viwanda tumeuza, na bado kwa mujibu wa sheria mama sisi tumo katika ujenzi wa ujamaa. Mawakili waliomo humu watanisaidia kueleza hilo. Mimi nimeshindwa.

Lakini ibara hizo zinanipa haki ya kuuliza bila kuonekana mchochezi: dola inapochukua mali kutoka kwa mabepari kwa jina la wananchi, dola yenyewe anaishika nani? Nitasema mapema ninakoelekea, ili mwenye usingizi alale kwa amani. Naamini dola ni ya lazima. Hakuna jamii itakayowapokonya wenye mitaji mabenki na ardhi kwa maombi. Ila kazi yake iliyo ngumu kuliko zote katika kipindi hicho ni kukubali kushikwa na wale inaowasemea. Nchi nyingi ziliweza kutaifisha. Zilizoweza hilo la pili ni chache, tena kwa muda mfupi. Sisi tulilikaribia kati ya 1971 na 1973, hapa hapa Dar es Salaam, kisha tukarudi nyuma.

Kuna dhana moja lazima tuiondoe njiani, nayo imewakaa wanaoupenda ujamaa na wanaouchukia vilevile: kwamba kadiri serikali inavyomiliki vitu vingi ndivyo ujamaa unavyozidi. Serikali ikinunua ndege, watu wanasema tumerudi kwa Mwalimu. Ikijenga reli ya kisasa, SGR, ikijenga bwawa la megawati 2,115 kule Rufiji, wimbo ni ule ule. Treni hiyo nimeipanda mpaka Dodoma na nimeifurahia sana. Lakini reli ya serikali peke yake haithibitishi chochote. Bismarck, mtawala wa Ujerumani wa karne ya 19, alizitaifisha reli za Prussia, na huyo ndiye aliyepitisha sheria ya mwaka 1878 ya kuwapiga marufuku wajamaa wa Ujerumani. Friedrich Engels, mwandishi mwenza wa Karl Marx, aliwacheka waliouita huo ujamaa. Alisema kama serikali kuhodhi biashara ya tumbaku ni ujamaa, basi hata Napoleon ahesabiwe miongoni mwa waasisi.

Na kwa nini twende Ujerumani, wakati Kongwa ipo? Mwaka 1947 serikali ya chama cha Labour cha Uingereza, chama kilichoanzishwa na vyama vya wafanyakazi, ilileta mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lilikuwa shirika la umma, kwa fedha za umma, na mipango ikatoka London. Matrekta yakavunjikia vichakani, mvua ikawa chache, na kufikia 1951 mradi ukaachwa huku takribani pauni milioni 36 zikiandikwa hasara. Mgogo aliyeijua mvua ya Kongwa tangu utotoni hakuwa na kiti kwenye bodi ile. Mlipakodi wa Manchester naye hakuwa nacho. Huo ulikuwa umiliki wa dola asilimia mia moja, na ujamaa ndani yake hata chembe haukuwemo.

Sasa, waliofikiri kwa kina kuhusu dola ya mpito walifundishwa na tukio, mawazo yao hayakutoka kichwani tu. Mwaka 1848 Marx na Engels waliandika kwamba wafanyakazi wakishika utawala watakusanya nyenzo zote za uzalishaji mikononi mwa dola. Hawakueleza dola hiyo iwe na sura gani. Mwaka 1872 wakasema wazi kwamba sehemu ya maneno yao imepitwa na wakati, kwa sababu Paris imeonyesha jambo: wafanyakazi hawawezi kuichukua mashine ya dola kama ilivyo na kuiendesha kwa manufaa yao.

Paris kulitokea nini? Tarehe 18 Machi 1871 watu wa mji ule waliinuka, serikali ikakimbilia Versailles, na wiki iliyofuata wakachagua baraza lao, Komuni. Lilidumu siku 72 tu. Kila mjumbe aliweza kuondolewa na waliomchagua kabla ya muda wake kwisha. Mshahara wa mtumishi wa umma uliwekewa ukomo wa faranga 6,000 kwa mwaka. Jeshi la kudumu likafutwa, ulinzi ukawa wa wananchi wenyewe wenye silaha. Karakana zilizoachwa na wenyewe zikaelekezwa kwa vyama vya ushirika vya wafanyakazi. Na kuna hili ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halina makuu: walipiga marufuku kazi ya usiku kwenye viwanda vya mikate, maana waokaji walikuwa wamechoka kulala mchana maisha yao yote. Dola gani nyingine mnayoijua ilianza na usingizi wa mwoka mikate?

Mwishoni mwa Mei jeshi la Versailles liliingia mjini na kuua watu kwa maelfu. Moja ya sababu wanazozitaja wanaoichambua Komuni ni kwamba ilikuwa na bunduki na ilikuwa na mji, lakini iliiacha Benki ya Ufaransa bila kuigusa. Iliomba mikopo kwa adabu, mlango wa mbele. Benki hiyo hiyo iliipa Versailles fedha mara nyingi zaidi.

Shikeni hapo, maana sasa narudi nyumbani. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala wakati ule, ilikaa Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, likatangazwa tarehe 5 Februari. Tarehe 6 Februari, kesho yake, Mwalimu akatangaza kutaifisha mabenki. Hatukuomba mkopo mlango wa mbele. Matawi ya mabenki ya kigeni yaliyokuwa yamejipanga hapa mjini yakawa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Bima ikafuata, biashara ya nje ikafuata, baadaye mashamba ya mkonge, na mwaka 1971 majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Wanaosema Mwalimu alikuwa mtu wa maneno tu hawakuwa wateja wa benki wiki ile.

Paris waliishika dola wakaiacha benki. Sisi tuliishika benki, dola tukaiacha kama tulivyoikuta.

Nisieleweke vibaya. Azimio lenyewe linasema vizuri: njia kuu za uchumi zitawaliwe na kumilikiwa na wakulima na wafanyakazi wenyewe, kwa kutumia vyombo vya Serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Uzito wote umewekwa juu ya hivyo vyombo. Na vyombo vya mwaka 1967 vilikuwaje? Mifupa ilikuwa ya mkoloni: mkuu wa wilaya, mkuu wa polisi, faili la siri, na juu yake sheria ya kuweka watu kizuizini tuliyojitungia wenyewe mwaka 1962. Januari 1964 askari waliasi kambi ya Colito. Baada ya hapo viongozi wa vyama vya wafanyakazi zaidi ya 200 wakawekwa ndani, shirikisho lao la TFL likavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Katibu mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais. Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Kazi. Ukiwa na malalamiko dhidi ya serikali ulimwandikia serikali, naye angelishughulikia kwa niaba yako.

Tukija viwandani, hali ilikuwa hivi. Shirika la Maendeleo ya Taifa, NDC, lilinunua hisa nyingi, mara nyingi zaidi ya nusu, katika kampuni kubwa: bia, saruji, sigara, viatu, makopo. Lakini katika kampuni nyingi mmiliki wa zamani alibaki na mkataba wa kuendesha. Alilipwa ada ya uongozi, akachagua mashine, akachagua mahali pa kununua malighafi. Ni mpangaji wa chumba Kariakoo anayeambiwa nyumba imenunuliwa na ukoo wake mwenyewe, akafurahi, kisha mwisho wa mwezi anakuja dalali yule yule, na kodi ile ile, na kufuli haijabadilishwa. Haya wanazuoni wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliyasema mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hawakushukuriwa.

Mwalimu hakuwa kipofu. Ndiyo maana Azimio lilikuja na miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya bepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Leo hii ukisoma sharti hilo la mwisho kwa sauti mitaa ya Mbezi Beach watu watadhani unatania. Miiko ile ilikuwa kitu kikubwa, tena adimu duniani. Upungufu wake ni mmoja: aliyemchunga kiongozi alikuwa kiongozi mwingine. Mfagiaji wa kiwanda alijua meneja wake ana nyumba mbili za kupangisha, lakini hakuwa na pa kulifikisha jambo hilo likaleta uamuzi.

Mwaka 1970 ukatoka Waraka wa Rais namba 1, kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma. Mabaraza ya kushauri. Sitatumia muda mwingi juu yake, kwa sababu wengi mliowahi kukaa humo mnajua: mnashauri, meneja anaitikia kwa kichwa, mnakunywa soda, mnatawanyika.

Kisha ikaja Februari 1971. Kule Uganda Amin alikuwa amempindua Obote mwezi uliotangulia, Wareno walikuwa wameivamia Guinea miezi michache kabla, na TANU ikatoa Mwongozo. Mimi huwaambia vijana wanaosoma Azimio peke yake kwamba wamesoma nusu. Mwongozo ulisema kiongozi asiwe na majivuno, ubadhirifu, dharau wala uonevu; hicho ni kifungu cha 15. Na ulisema kwamba tendo lolote linalowaongezea watu uwezo wa kutawala mambo yao wenyewe ni tendo la maendeleo, hata kama haliwaongezei afya wala shibe.

Wafanyakazi wa Dar es Salaam walifanya kosa zuri sana: waliuamini. Walijifunza kifungu cha 15 kwa moyo. Meneja akimtukana mtu, kazi inasimama, na watu wanamsomea kifungu. Kuanzia 1971 hadi 1973 migomo ilipita kiwanda baada ya kiwanda, ikihusisha watu kwa maelfu, na linaloshangaza ni kwamba mingi haikuanza na mshahara. Ilianza na heshima: kutukanwa, kupekuliwa, kufukuzwa bila kusikilizwa, gari la shirika kubebea mambo binafsi ya bosi. Kuna mahali wafanyakazi walimfungia meneja nje ya geti wakaendelea na kazi. Uzalishaji hawakuukataa. Waliyemkataa ni yeye. Mwaka 1973, pale Mount Carmel, kiwanda cha mpira cha mtu binafsi, wafanyakazi walikishika kiwanda chenyewe.

Hapo ndipo dola ilipopimwa. Ilikuwa na chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi, ina Azimio, ina Mwongozo, na mbele yake wamesimama wafanyakazi wakifanya yale yaliyoandikwa. Mwanzoni palikuwa na kigugumizi, hata kuungwa mkono. Kisha hofu ikashinda. Migomo iliyofuata ilivunjwa, wapo waliofukuzwa kazi, na lugha ya viongozi ikahama kutoka kifungu cha 15 kwenda kwenye nidhamu kazini. Nidhamu ni kitu kizuri. Nimekulia kwa mama aliyeiamini sana. Lakini kwenye kiwanda ilikuwa na maana moja tu: meneja amerudi ndani ya geti.

Vijijini mambo yalikuwa yameanza kabla. Kule Songea, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikuwa wameanzisha kijiji cha Litowa, na kutoka hapo vijiji vingine zaidi ya kumi vikajiunga katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Hakuna aliyewaswaga. Walilima pamoja, wakaamua pamoja, wakawa na shule yao iliyofundisha watoto maisha ya kijiji chao, wakapata kinu cha kusaga pale mjini. Mwalimu alipoandika kuhusu ujamaa vijijini mwaka 1967, mfano hai alikuwa nao. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama kile. Mali ikachukuliwa, walimu wakahamishwa. Kosa lake? Vijiji vile havikungoja mkuu wa mkoa. Miaka minne baadaye dola ile ile ikaamuru nchi nzima ihamie vijijini kufikia mwisho wa 1976, na safari hii malori na mgambo vilihusika. Mtu huwezi kumlazimisha awe mjamaa. Unachoweza ni kumlazimisha ahame. Tukapata vijiji, na vyama vya ushirika vikafutwa mwaka 1976. Serikali za mitaa zilikuwa zimeshaondolewa mwaka 1972 kwa jina la madaraka mikoani, na muundo wa mabadiliko hayo ulichorwa na McKinsey, kampuni ya washauri ya Marekani. Jambo hilo kila nikilikumbuka hucheka peke yangu kwenye daladala. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kufuta ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Si viongozi wengi waliotamka hivyo wakiwa bado Ikulu.

Mtaniambia: ndugu yetu, adui alikuwa mlangoni. Ni kweli. Amin kaskazini, Wareno kusini, ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta kupanda, bei ya mkonge kushuka, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, kisha vita vya Kagera. Mtu anayesema ujamaa wetu ulikufa kwa uvivu peke yake hajasoma kalenda. Na tuseme mazuri: watoto waliingia shule kwa mamilioni, wazazi wao wakajifunza kusoma chini ya miembe. Hayo yalifanywa na dola, na bepari asingeyafanya.

Lakini hoja ya adui mlangoni ina majibu yake. Chile, mwaka 1970, Salvador Allende alishinda uchaguzi, akataifisha shaba na mabenki kwa mujibu wa sheria. Wenye malori na wenye maduka walipogoma Oktoba 1972 ili kuiangusha serikali, wafanyakazi wa viwandani ndio waliojipanga kuendesha uzalishaji na kugawa chakula. Walipofanya hivyo, serikali iliwaomba warudishe baadhi ya viwanda. Jeshi, ambalo halikuguswa, likapindua tarehe 11 Septemba 1973. Allende alikuwa na serikali. Dola ilikuwa ya wengine. Katika siku ngumu, waliomlinda ni wale ambao vyombo vyake vilikuwa vikiwaogopa.

Lenin naye, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, ambaye hakuna atakayemwita mlegevu, mwishoni mwa 1920 alibishana na mwenzake Trotsky kuhusu vyama vya wafanyakazi. Trotsky alisema kwa kuwa dola ni ya wafanyakazi, hakuna haja ya kujilinda dhidi yake. Lenin akajibu kwamba dola yao ina ugonjwa wa urasimu, kwa hiyo wafanyakazi wanahitaji vyama vya kuwalinda hata dhidi ya dola yao wenyewe. Alisema vizuri. Miezi michache baadaye mabaharia wa Kronstadt, ngome ya jeshi la majini la Urusi, waliposimama na madai yao, jibu lilikuwa mizinga.

Kwa nini haya yana uzito leo? Kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Februari 1991, Zanzibar, miiko ya uongozi ililegezwa. Mwaka 1992 sheria ya mashirika ya umma ikafungua mlango wa kuuza. NBC ikagawanywa mwaka 1997, na sehemu iliyobaki na jina hilo ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Angalieni mpangilio: kwanza mshika funguo akaruhusiwa kuwa mfanyabiashara, ndipo mali ikawekwa sokoni. Mimi sikumbuki mtaa hata mmoja wa Dar es Salaam uliotoka kuilinda NBC. Watu walilalamika, ndiyo, kwenye baraza za kahawa. Lakini mtu hatoki barabarani kupigania kitu ambacho kwa miaka thelathini alikipangia foleni tu.

Basi dola ya mpito ifanye nini? Ishike fedha, ardhi, nishati na biashara kubwa ya nje, kwa sababu aliye navyo hivyo ndiye anayeamua, hata kama hajagombea. Hapo naungana na 1967 bila kupepesa. Ila siku ile ile inayochukua, iweke wafanyakazi na watumiaji ndani ya bodi, wamechaguliwa, na wanaweza kuondolewa na waliowachagua. Na vitabu vya hesabu viwe wazi kila mwezi kwa wanaofanya kazi pale.

Leo tuna CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kila mwaka ripoti yake ikitoka tunasoma madudu kwenye simu, tunatumiana, tunacheka kwa uchungu. Ni kazi nzuri ya ukaguzi. Lakini mhasibu msaidizi na dereva wa shirika lile walijua mwaka mmoja kabla. Walijua na hawakuwa na mamlaka. Au maji yetu hapa mjini: mwaka 2003 yalikabidhiwa kampuni binafsi, City Water, mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba, shirika la umma likarudi. Nilishangilia. Kisha nikajiuliza mwenye bomba Manzese amepata nafasi gani mpya ya kumhoji anayempa maji. Bodi iliteuliwa kutoka juu kabla, na ikateuliwa kutoka juu baada.

Marx aliandika mwaka 1875 kwamba kati ya ubepari na ukomunisti kipo kipindi cha mageuzi ambamo dola itakuwa udikteta wa wafanyakazi. Neno hilo limetisha watu, na wengine wamelitumia kutisha watu. Engels, miaka ishirini baada ya Paris, aliwaambia wanaotaka kujua sura yake: itazameni Komuni. Wajumbe wanaoondoleka, mishahara yenye ukomo, waokaji wanaolala usiku. Nimemaliza, Mwenyekiti.

Swali la kwanza lilitoka kwa mzee aliyefanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki: "Mwanangu, wafanyakazi wakikabidhiwa kiwanda, si watagawana mtaji wote uishe?"

Mzee, hofu yako ina ushahidi. Yugoslavia ilipitisha sheria ya wafanyakazi kujiendeshea viwanda mwaka 1950. Ilisaidia mengi, lakini baadaye, soko lilipoachiwa zaidi, mabaraza mengi yalipendelea mshahara wa leo kuliko mashine ya kesho, na viwanda vilivyokuwa na bahati vikazidi kuviacha vilivyokuwa havina. Kwa hiyo sisemi kila kiwanda kiwe jamhuri. Uamuzi wa kiasi gani kiwekezwe na wapi lazima uwe wa jamii nzima, na hiyo ni kazi ya dola na benki yake. Lakini kazi ya ndani ya geti, nani awe msimamizi, zamu ziweje, vipuri vinanunuliwa kwa nani: pale aliyekaa na mashine miaka kumi anajua kuliko wizara. Mpaka kati ya hayo mawili utagombewa kila mwaka, na ugombewe waziwazi.

La pili lilitoka kwa kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi: "Sisi tusio na kiwanda wala meneja, humo tunaingia wapi?"

Ndugu yangu, una meneja. Kila jioni unapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, au uko kwenye mkataba na ukichelewa wiki mbili inachukuliwa. Anayekukopesha kausha damu ni meneja mwingine. Nyinyi ndio wengi wa wafanyakazi wa mji huu, na ujamaa unaosubiri mpate viwanda kwanza hauna maana kwenu. Lililopo karibu ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Hiyo ni fedha ya dola, tayari ipo, kisheria ni yenu. Sasa niambie: orodha ya vikundi vilivyopata kwenye kata yako umewahi kuiona imebandikwa? Waliokaa kuipitisha unawajua kwa majina? Mwenye pikipiki wenu anapenda awapate mmoja mmoja, si kumi mkiwa pamoja, maana kumi wanaweza kununua pikipiki yao. Nendeni ofisi ya kata mkiwa kikundi, siku ya kazi, muombe orodha hiyo kwa maandishi, na mkinyimwa mrudi na wanawake wa vicoba wa mtaa wenu, kwa sababu nao wanaitafuta.